Tulikililia Kinu cha Upepo

Kila Jumamosi nikienda shambani, gari likishatoka Fort Worth na nyumba zikaanza kuachana, naanza kupunguza mwendo. Binti yangu anajua. Ananiangalia pembeni, anacheka kidogo, anasema, "Mom, it's just dirt." Ni udongo tu, kweli. Lakini ni udongo ambao mimi niliusemea kwa jina la Mungu, na aibu yake haijaisha.

Sisi ni Wakongo wa Haltom City. Wiki nzima tuko warehouse tunafunga makartoni, na Jumamosi tunataka kushika jembe ili mwili ukumbuke wewe ni nani. Kanisa letu lilibahatika. Mjane mmoja Mzungu, bibi wa miaka mingi, alikuwa na shamba kubwa ambalo halina tena ng'ombe. Akamwambia mchungaji wetu, chukueni kile kipande cha nyuma, limeni mnachotaka, msiache tu takataka. Tukapanda lengalenga, ule mchicha wetu, maharage, biringanya, na mihogo kwa ajili ya sombe, yale majani yake ya kupika. Mimi ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Wananiita Mama Prezidente, wengine kwa heshima, wengine kwa kunitania.

Siku ya kwanza tulikodi mashini ya kulimia. Shemasi wetu mmoja ndiye alikuwa anaisukuma. Mwisho kabisa wa kile kipande kulikuwa na kilima kidogo cha udongo, cha kufika kiunoni, cha mviringo, na kuzunguka chini yake kuna kamfereji kama vile mtu alikichora kwa kijiti. Nikapanda juu niangalie kama panafaa kwa maboga. Juu kulikuwa na mahali panne palipozama. Padogo, panne, pamepangwa vizuri, na majani ya pale yalikuwa ya kijani kuliko mengine yote.

Nikasimama pale. Mtu ambaye amekaa kambini kama mimi, akazika majirani, akazika watoto wa majirani, anajua udongo wa kaburi. Unaurundika juu, mvua inakuja, mwaka unapita, na udongo unashuka chini. Majani yanaota pale kwanza. Na haya yalikuwa madogo. Nikasema moyoni, ni watoto.

"Zima mashini!" nikapiga kelele. "Hapa wamelala watu!"

Shemasi hakuzima. Akapaza sauti juu ya ule mlio: "Mama Prezidente, umejuaje? Mashini tumekodi mpaka saa nane!"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningemwambia, njoo uone udongo ulivyozama. Huo ndio ulikuwa ukweli wote niliokuwa nao. Lakini nilijua yule mwanaume, kwa macho ya mwanamke, hatazima mashini. Kwa Bwana atazima. Nikasema:

"Bwana amenionyesha."

Akazima palepale. Akavua kofia.

Mtu atauliza, kwa nini hatukumuuliza mwenye shamba. Kwetu kaburi haliulizwi hivyo. Huendi kwa mtu mzima, tena mjane, tena aliyekupa shamba bure, ukamwambia, nani hawa wamelala nyuma ya nyumba yako? Ni kama kumfungulia kidonda mbele ya watu, au kama kumshtaki. Tulisema, kama anataka tujue, atatuambia. Tukaacha kilima na nafasi pembeni yake, hatukulima. Akina mama wakaleta mawe, tukayapaka chokaa nyeupe, tukazungusha. Bibi Mzungu alikuwa anatupungia mkono kutoka kwenye baraza lake. Nadhani aliona tunatengeneza bustani ya maua.

Sasa, katika sisi, karibu kila mmoja ana mtu wake aliyemwacha njiani bila kaburi. Huyu mume, huyu kaka, huyu mtoto wa mgongoni. Mama mmoja jirani yangu, tunafanya naye kazi kwenye line moja, mnene, mwenye mdomo, ndiye alianza. Jumamosi moja alichukua jiwe, akaandika juu yake jina la marehemu mume wake kwa rangi ya kucha, akaliweka pale juu. Akalia mpaka akapiga chafya. Halafu akainuka, akajifuta, akasema, "Basi. Sasa nimekuzika, uache kuja kunisumbua kwenye ndoto."

Jumamosi iliyofuata walikuwa wengi. Mpaka wa makanisa mengine walikuja. Mchungaji alihubiri juu ya lile jambo, akaniita mbele. Nilisimama, nimevaa kitenge kipya, watu wanasema amina. Sikufurahi kwa kelele, lakini nilifurahi. Nilijisemea, na mimi ambaye nasoma shule ya jioni na watoto wa juzi, Mungu amenipa kitu cha kusema.

Halafu nikampigia yaya. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Yaya wangu anaishi Stafford, upande wa Houston, anatunza wazee kwenye nyumba zao. Ndiye alikuwa na mama yetu siku ile ya kukimbia. Mimi nilikuwa nimetangulia na watoto na mizigo, yeye alibaki nyuma anamkokota mama. Alipotufikia alikuwa peke yake. Alisema tu, "Nimemlaza kwenye majani." Hatukuuliza zaidi. Tangu siku hiyo yaya hajasuka nywele. Kwetu mfiwa ananyoa, na siku ya kuondoa kilio, pale kaburini, ndipo wanawake wanamsuka tena. Yaya alisema, kaburi liko wapi? Hamna. Basi na kilio hakiondoki. Miaka yote ya kambini, na miaka yote ya Texas, kichwa chini ya kitambaa cheusi. Arusi za watoto wetu, kitambaa cheusi. Wazee anaowatunza wanafikiri ni dini.

"Yaya," nikamwambia kwenye simu, "tumepata mahali pa kumwekea mama jiwe."

Nikasikia televisheni ya mzee anayemtunza.

"Mahali gani?"

Nikamweleza.

"Na nani alisema hapo kuna makaburi?"

Ningeweza kurudi nyuma hapo. Njia ilikuwa wazi. Nikasema, "Bwana alinionyesha, Yaya."

"Wewe?"

"Mimi."

Akavuta pumzi. "Basi nitakuja. Andaa watu wa kunisuka."

Wiki ile ile aliyokuwa anakuja, nilikwenda darasani Jumanne kama kawaida. Shule yetu ya jioni ni ya watu wazima tunaotafuta cheti cha high school. Mwalimu anapenda tusome kwa sauti, mmoja mmoja, kila mtu kipande chake. Jioni ile tulisoma habari za vinu vya upepo vya Ulaya, vya zamani sana, karne za kati, wakati wa wafalme na mashujaa wa farasi. Ilisema watu walijenga kinu cha mbao cha kusaga ngano juu ya nguzo moja nene, ili nyumba yote ya kinu iweze kugeuzwa kufuata upepo. Nguzo ile ilisimama juu ya magogo mawili yaliyopishana msalaba. Na ili upepo usiangushe, walirundika udongo juu ya magogo, ikawa kilima, na pale walipochota udongo kukabaki mfereji wa mviringo.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza kusoma. Ilisema vinu vimeoza zamani, hakuna hata ubao uliobaki, lakini vilima bado viko mashambani. Magogo yalipooza chini, udongo wa juu ulizama, ukaacha alama. Majani yanaota tofauti pale. Nikaendelea: watu wengi waliovikuta vilima hivyo walifikiri ni makaburi. Wengine walichimba kutafuta mifupa.

Kidole changu kikabaki juu ya neno lile.

"Go on," mwalimu akasema kwa upole. Alifikiri neno limenishinda.

Sikuweza. Kijana aliyekaa nyuma yangu akamaliza. Chini kulikuwa na picha. Kilima kidogo, cha mviringo, mfereji umezunguka. Nikafunika ile picha kwa kiganja, kama vile mtu darasani angeijua.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikibishana peke yangu. Hii ni Texas, si Ulaya. Hapa hapakuwa na wafalme. Na pale juu hakuna msalaba, kuna mashimo manne. Nikasema, shetani anataka kuniyumbisha. Nikafunga kula siku nzima iliyofuata, nikaomba. Lakini katika maombi nilikuwa naona tu barabara za huku, na pembeni mwa barabara, katika mashamba ya watu, ile minara ya chuma yenye gurudumu la mapanga juu, ya kuvutia maji ya ng'ombe. Nimeipita miaka yote hii. Ina miguu mingapi? Sikutaka kuhesabu, na nilikuwa ninajua.

Siku ya pili nikamchukua binti yangu baada ya shule, twende kwa yule bibi. Kiingereza changu kinatosha kazini, lakini kwa jambo hili niliogopa kitanigeuka mdomoni. Binti alikaa kwenye ngazi za baraza, akamuuliza vile nilivyomwambia. Nilimsikia bibi anacheka, cheko zuri la mtu anayekumbuka utoto. Aliongea mrefu. Ananionyesha kwa fimbo kule nyuma. Niliona uso wa binti yangu unabadilika, anajikaza, anauma midomo.

"Anasema nini?"

"Mom." Akashusha sauti. "Ilikuwa windmill. Ya babu yake. Alirundika udongo kwa sababu ng'ombe wakija kunywa maji walikuwa wanafanya tope. Halafu wakang'oa miguu na tractor, wakauza chuma. Anasema kila mvua mashimo yanazama, baba yake alichoka kujaza." Akaniangalia. "Mom. Mmelilia windmill?"

"Usicheke."

"Sicheki."

Alikuwa anacheka, maskini, na machozi yanamtoka, maana na yeye aliweka jiwe pale la bibi yake, mama yangu, ambaye hakumjua.

Yule bibi Mzungu akaniuliza jambo, na hilo nilielewa mwenyewe: yale mawe meupe ni ya nini? Binti akanigeukia. Nikamwambia mwambie ni ya urembo. Hata hapo niliongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Nilitaka kumpigia yaya asije. Nilishika simu mara nyingi. Lakini kila nilipowaza nitaanza vipi, nilisikia sauti yake ile, "Wewe?" Si kwamba alishangaa Mungu kusema. Alishangaa kusema na mimi. Na alikuwa ameamini.

Akafika Jumamosi asubuhi, ameondoka Stafford gizani. Ameshuka kwenye gari na nguo nyeupe kwenye mfuko, nyuzi za kusukia, mafuta ya nywele, na jiwe. Jiwe alilitoa Houston, alilichagua. Alinikumbatia jikoni kwangu, akaonja mchuzi kwa kidole, akasema chumvi hamna. Yaya wangu ambaye hajanitania miaka mingi! Nilifungua mdomo nimwambie. Akasema, "Leo nimelala usingizi, mdogo wangu. Usingizi wa kweli." Nikafunga mdomo, nikaongeza chumvi.

Shambani akina mama walikuwa wamefika, wamesimama kuzunguka kilima, wamevaa nyeupe. Walianza kuimba walipomwona. Yaya akavua viatu. Akapiga magoti pale mbele ya mashimo manne, jiwe mikononi, akaanza kufungua kitambaa chake. Mchungaji akaniambia, "Mama Prezidente, utuongoze."

Nimeshasimama mbele ya askari. Nimeshasimama mbele ya maofisa wa kuhoji wakimbizi. Sijawahi kuogopa vile.

"Yaya, usivue," nikasema. "Funga kitambaa."

Wimbo ukafa polepole, kila mmoja kwa wakati wake.

"Hapa hakuna mtu. Hapa palikuwa na kinu cha upepo, cha kuvutia ng'ombe maji. Mwenye shamba ametuambia. Haya mashimo ni miguu yake."

Yule mama mwenye mdomo akasema, "Subiri. Mimi nimemzika mume wangu kwenye miguu ya nini?"

"Kinu."

"Cha ng'ombe?"

"Cha ng'ombe."

"Na wewe ulisema Bwana alikuonyesha!"

"Bwana hakunionyesha. Niliona mimi, kwa macho yangu, nikakosea. Nikaweka jina la Bwana juu ya kosa langu ili mashini izimwe."

"Ili mashini izimwe!" Akageukia wenzake. "Mmesikia? Tumelia Jumamosi zote hizi juu ya mashini!" Mmoja nyuma akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akakaa chini kwenye majani. Mwingine akaanza kulia kwa hasira, akaokota jiwe lake, akalifuta vumbi na kitenge, akaondoka nalo kuelekea magari. Shemasi aliangalia viatu vyake. Mchungaji akasema tuombe, lakini hakuna aliyefumba macho.

Mimi nilikuwa namwangalia yaya. Alifunga kitambaa tena, taratibu, fundo nyuma ya shingo. Akainuka. Akasema tu, "Nipeleke kwenye gari langu."

Hakunitukana. Hakula. Alirudi Houston mchana ule ule na jiwe lake kwenye kiti cha mbele.

Jumapili nilimwambia mchungaji nivuliwe uongozi wa akina mama. Alisema tupe muda. Nikasema sihitaji muda, na nikakaa nyuma, karibu na mlango, ambako watoto wanapita kwenda chooni. Niko huko mpaka sasa. Kazini, yule mama mwenye mdomo alinyamaza siku mbili, na kwake hizo ni nyingi. Siku ya tatu, wakati wa break, akanisogezea nusu ya chapati. "Mume wangu hajarudi kwenye ndoto," akasema. "Kwa hiyo jiwe naliacha. Lakini pale pengine juu napanda maboga, usinikataze." Amepanda kweli. Yameshika.

Yaya hakupokea simu. Basi Jumamosi moja, badala ya shamba, nika-drive mwenyewe mpaka Stafford. Sijawahi kuendesha mbali hivyo. Alifungua mlango na kitambaa chake, akaangalia nyuma yangu.

"Nani amekuleta?"

"Mwenyewe."

"Kwenye highway? Na malori yale?"

"Nilikuwa naimba, Yaya. Sikuangalia pembeni."

Aliniacha niingie. Akasonga bugali, tukala. Nilipoanza kupiga magoti kumwomba msamaha, akanizuia kwa mkono wenye ugali.

"Kaa. Hiyo ya kaburi nilishakusamehe palepale. Mtu anaweza kukosea udongo. Hiyo ya Bwana si yangu, peleka mwenyewe kwake."

"Nimepeleka."

"Basi endelea kupeleka."

Alinawa. Halafu akataka nimweleze vile nilivyojua. Nikamwambia habari ya darasani, vinu vya Ulaya, magogo chini ya udongo, vilima vilivyobaki. Alisikiliza kama anavyosikiliza maelekezo ya dawa.

"Na hata ubao haukubaki?"

"Hata mmoja."

"Lakini alama iko. Udongo umezama mahali pale pale."

"Ndiyo, Yaya. Miaka mia na mia."

Akaanza kukusanya makombo ya bugali mezani, moja moja.

"Niliwaambia nimemlaza kwenye majani," akasema. "Nilichimba. Nilikuwa na mfuniko wa sufuria tu, ule uliopindika. Nilichimba mpaka nikasikia watu wanakuja, na shimo lilikuwa halijafika hata gotini. Nikamfunika hivyo hivyo. Nikaweka majani juu. Niliona haya kuliita kaburi. Mama yetu, kwenye kashimo ka kuzikia kuku. Ningewaambiaje?"

Miaka yote hiyo nilifikiri kitambaa ni cha mama. Kilikuwa pia cha mfuniko wa sufuria.

"Sasa hivi pamezama pale," akasema. Hakuwa anauliza, lakini alinitazama nijibu.

"Pamezama, Yaya. Na majani ya pale ni ya kijani."

"Bwana amekuonyesha?"

"Hapana. Najua tu udongo."

"Haya." Akafungua fundo la nyuma ya shingo. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe kuliko nilivyofikiri, na zilikuwa na alama ya kitambaa kuzunguka paji. Akanivutia kiti, akakaa chini mbele yangu katikati ya magoti yangu, kama tulivyokuwa tunakaa kwa mama. "Nyuzi ziko kwenye mfuko ule ule. Usimwite mtu mwingine."

Nikaanza kusuka. Machozi yalikuwa yananiharibia kuona.

"Unalia juu ya kichwa changu," akasema.

"Pole, Yaya."

"Na mstari unaenda upande. Hayo macho yako, mimi siyaamini tena. Fumua."

Nikafumua, nikaanza upya.